Jina na Deni Lake: Usawiri wa Majambazi wa Kihistoria katika Filamu za Kauboi

Filamu za kauboi zina desturi moja ambayo wahakiki wengi wameipita bila ya kuisaili. Hulitwaa jina la mtu aliyeishi kweli, akaiba, akaua na aghalabu akauawa, kisha hulivika jina hilo maisha mengine. Jesse James, Billy the Kid, Butch Cassidy na ndugu wa ukoo wa Younger wote wamo katika magazeti, kumbukumbu za mahakama na masimulizi ya watu wa Marekani ya karne ya 19. Wote pia wamezaliwa upya katika sinema, mara nyingi wakiwa na sura nzuri kuliko walizojaaliwa na Mungu. Lalamiko la kawaida dhidi ya filamu hizo ni kwamba hazisemi kweli. Lalamiko hilo ni sahihi, lakini ni jepesi, kwa kuwa hakuna sanaa inayoweza kubeba ukweli wote wa maisha ya mtu mmoja. Lipo swali zito zaidi nyuma yake. Je, msanii anayelitumia jina la muuaji halisi ana wajibu wowote kwa wale waliouawa naye? Na ikiwa anao, wajibu huo ni wa namna gani, maadamu wenyewe wamekwisha kufa na hawawezi kudai kitu?

Utetezi wa msanii ni mkongwe. Aristotle, katika kitabu chake kuhusu ushairi, aliitenga kazi ya mwanahistoria na ile ya mtunzi: wa kwanza husimulia yaliyotokea, wa pili husimulia yanayoweza kutokea, na kwa sababu hiyo utunzi una falsafa nzito kuliko historia. Kwa kufuata hoja hii, mwelekezi wa filamu anayembadilisha Jesse James hana kosa. Hatafuti habari za mtu mmoja wa Missouri. Anatafuta ukweli wa jumla kuhusu uasi, udugu, usaliti na kisasi. Anayemdai tarehe na idadi ya risasi amebisha hodi katika nyumba isiyo yake.

Hata hivyo, katika sura iyo hiyo Aristotle anagusia jambo ambalo watetezi wa filamu hawapendi kulitaja. Anasema kwamba watunzi wa tanzia hushikilia majina ya watu wanaoaminiwa kuwa waliishi, kwa sababu lile lililokwisha kutokea halina shaka kwamba laweza kutokea. Jina, basi, si pambo bali ni dhamana. Mtunzi anapolitia jina la mtu halisi katika kazi yake, anachukua imani ya hadhira ambayo hakuichuma kwa ufundi wake mwenyewe. Mhusika wa kubuni hulazimika kuaminisha kwa matendo na kauli zake, ilhali mhusika mwenye jina la kihistoria huingia jukwaani akiwa amekwisha kuaminiwa. Huo ni mkopo. Kama ilivyo kwa mikopo yote, aliyekopa hawezi kusema baadaye kwamba hamjui aliyemkopesha.

Huenda msomaji wa fasihi ya Kiswahili akauliza kwa nini dai hili lisielekezwe pia kwa visa vya Fumo Liyongo, ambaye naye aliwindwa na mtawala, akaponyoka kwa ujanja, na mwishowe akauawa kwa hila na mtoto wake mwenyewe aliyeahidiwa tunzo. Mfanano na kisa cha Jesse James ni wa kustaajabisha, na unasaidia kueleza kwa nini hadhira ya mahali popote hukipokea kisa cha namna hii kwa moyo mwepesi. Lakini tofauti ni kubwa. Hakuna mwanachuoni awezaye kuorodhesha watu waliouawa na Liyongo, kazi walizozifanya na wajane waliowaacha. Masimulizi yake yamepita vinywani mwa vizazi hata mtu na kisa vikawa kitu kimoja. Kwa Jesse James, orodha ipo.

Inafaa orodha hiyo itazamwe kwa utulivu. Jesse James alizaliwa mwaka 1847 katika wilaya ya Clay, jimbo la Missouri, katika familia ya mhubiri iliyomiliki watumwa. Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vilipozuka, kakake Frank aliingia katika vikosi vya msituni vilivyopigania upande wa Kusini, na mwaka 1864 Jesse, akiwa kijana wa miaka 16, alimfuata. Kiongozi wao mwaka huo alikuwa William Anderson, aliyepewa lakabu ya Bill wa Damu. Tarehe 27 Septemba 1864 wafuasi wa Anderson walilisimamisha garimoshi katika mji wa Centralia, wakawateremsha askari wa serikali ya Muungano wasiokuwa na silaha, na kuwaua zaidi ya 20. Vita vilipokwisha, baadhi ya wapiganaji wa aina hiyo hawakuziweka chini bastola. Tarehe 7 Desemba 1869, katika benki ya Gallatin, keshia John Sheets aliuawa kwa risasi. Wauaji walidhani kuwa yeye ni Samuel Cox, kamanda wa kikosi kilichomuua Anderson. Yaani alikufa kwa kufananishwa. Julai 1873, genge lilipoling'oa reli karibu na Adair, jimboni Iowa, aliyekufa alikuwa dereva wa garimoshi, John Rafferty, ambaye hakuwa na hisa katika kampuni yoyote bali mshahara tu. Mwaka 1872, katika wizi wa maonyesho ya Kansas City, msichana mdogo alijeruhiwa kwa risasi. Siku chache baadaye mhariri John Newman Edwards wa gazeti la Kansas City Times, aliyewahi kuwa afisa wa jeshi la Kusini, aliandika makala ya kuwasifu wanyang'anyi hao akiwalinganisha na mashujaa wa Mfalme Arthur. Hapa ndipo ilipoanzia ngano, na ilianzia katika ofisi ya gazeti kabla hata kamera ya sinema haijavumbuliwa. Wanaodhani kwamba Hollywood ilimzua Jesse James shujaa wanaipa sifa isiyostahili.

Filamu iliyoikamilisha ngano hiyo ilitolewa mwaka 1939 na kampuni ya Twentieth Century-Fox, chini ya uelekezi wa Henry King. Tyrone Power alimwigiza Jesse, na Henry Fonda alimwigiza Frank. Katika masimulizi yake, vijana wawili wakulima wanaishi kwa amani na mama yao hadi wakala wa kampuni ya reli anapokuja kuwalazimisha wenyeji wauze ardhi kwa bei ya kutupa. Familia ya James inakataa. Wakala anarusha bomu ndani ya nyumba na mama anafariki. Jesse anamuua wakala huyo, na kutoka hapo anaanza kuyavamia magarimoshi. Mtazamaji yeyote ambaye historia ya jamii yake ina ukurasa wa reli na ardhi iliyotwaliwa hawezi kuuona mwanzo huu bila ya damu kumchemka. Wala si haki kumlaumu. Huruma yake ni halali; tatizo ni kwamba imeelekezwa kusikostahili.

Tukio la bomu lina asili katika historia, na hapa ndipo penye kiini cha kadhia nzima. Usiku wa kuamkia tarehe 26 Januari 1875, watu wa kampuni ya upelelezi ya Pinkerton waliizingira nyumba ya mama yake Jesse na kutupa ndani kifaa cha moto kilicholipuka. Mama, Zerelda Samuel, hakufa. Alipoteza sehemu ya mkono wa kulia na akaendelea kuishi hadi mwaka 1911. Aliyekufa ni ndugu wa Jesse kwa mama, Archie, mtoto wa miaka minane. Lilikuwa tendo la kikatili, na liliwachukiza hata watu waliomchukia Jesse.

Filamu imeyabadilisha mambo mawili katika tukio hilo. Kwanza imemwondoa mtoto na kumweka mama, badiliko ambalo laweza kuelezwa kwa mahitaji ya tanzia. La pili halionekani kwa urahisi, nalo ndilo zito: filamu imelihamisha tukio katika wakati. Lililotokea mwaka 1875, baada ya miaka mingi ya wizi na mauaji, limewekwa kabla ya wizi wa kwanza. Tendo lililokuwa matokeo limegeuzwa kuwa chanzo. John Sheets na John Rafferty, ambao mwaka 1875 walikuwa makaburini tayari, katika mfuatano mpya wa filamu hawawezi kuwa wamekufa, maana wakati wa mauaji yao Jesse bado ni mkulima mwema. Hawakusingiziwa wala kutukanwa. Walinyimwa tu mahali pa kufia. Mhakiki anayehesabu makosa ya mavazi na bunduki hataliona kosa hili, kwa kuwa kila kipande chake, kikitazamwa peke yake, kina chembe ya ukweli. Uongo umo katika mpangilio.

Kwa nini ikawa lazima kufanya hivyo? Sehemu ya jibu inapatikana, ajabu ya mambo, katika kanuni za maadili ambazo kampuni za sinema za Marekani zilijiwekea mwaka 1930 na kuanza kuzitekeleza kwa ukali mwaka 1934. Kanuni hizo zilikataza hadhira kuelekezwa kuuonea uhalifu huruma, na kutaka uovu usipite bila ya adhabu. Mtu angetarajia kwamba masharti hayo yangemfanya jambazi wa sinema awe mwovu zaidi. Hayakufanya hivyo, kwa sababu kampuni zilihitaji kumwuza jambazi apendwaye. Njia iliyobaki ilikuwa kumchafua anayeibiwa. Jambazi akibaki na hatia yake ya kisheria na akifa mwishoni, kanuni imeridhika. Mwathiriwa akigeuzwa kuwa mnyonyaji, hadhira nayo imeridhika. Keshia akawa wakala, dereva akawa kampuni. Kanuni hizo zilikuwa pia na kifungu kilichokataza kisasi kuhalalishwa katika nyakati za sasa. Neno hilo la nyakati za sasa liliacha mlango wazi kwa kila kisa cha zamani. Kwa maneno mengine, walinzi wa maadili wenyewe waliamua kwamba mauaji yakikaa miaka ya kutosha hukoma kuwa na uzito. Ni vigumu kupata mfano bora wa sheria ya maadili iliyozaa upotovu iliokusudia kuuzuia.

Upo utetezi mwingine ambao hauwezi kupuuzwa. Mwaka 1939 Marekani ilikuwa bado haijatoka katika dhiki ya kiuchumi iliyoanza mwaka 1929. Maelfu ya wakulima walikuwa wamepokonywa mashamba na mabenki. Kwa hadhira hiyo, filamu ya King ilisema kweli: ilisema kwamba sheria inaweza kuwa mkono wa mwenye mali, na kwamba mnyonge ana haki ya kukasirika. Eric Hobsbawm, katika kitabu chake Bandits cha mwaka 1969, aliijenga dhana ya jambazi wa kijamii, yaani mtu anayeitwa mhalifu na dola lakini ambaye wanakijiji humwona kuwa mtetezi wao. Kwa mtazamo huo, Jesse wa sinema ni kielelezo cha hamu ya wanyonge, na haijuzu kukipima kielelezo kwa mizani ya wasifu.

Anton Blok alimjibu Hobsbawm mwaka 1972 kwa hoja ambayo haijapoteza makali. Alionyesha kwamba majambazi wengi waliishi kwa kulindwa na wenye nguvu, na kwamba aghalabu waliwadhulumu wakulima wale wale ambao ngano huwataja kuwa ndio waliowatetea. Hoja hiyo inamwelekea Jesse James moja kwa moja. Katika wasifu wake wa mwaka 2002, T. J. Stiles anaeleza kwa kirefu kwamba Jesse hakuwa mtetezi wa maskini bali muumini wa upande ulioshindwa vitani, na kwamba umaarufu wake ulistawishwa na watu waliotaka kuurejesha utawala wa tabaka lao la zamani. Sasa mnyonge wa kwanza wa wilaya ya Clay alikuwa nani? Si mkulima aliyetishwa na wakala wa reli, maana shamba la akina James lilifanyiwa kazi na watumwa. Katika filamu ya 1939 Mweusi anaonekana kama mtumishi mwaminifu wa nyumbani, mwenye furaha, asiye na neno la kusema kuhusu yaliyopita. Filamu inayodai kuzungumza kwa niaba ya waliodhulumiwa imemfanya aliyedhulumiwa zaidi kuwa samani ya nyumba. Ukweli wa jumla ambao Aristotle aliutukuza haupatikani kwa njia hii. Hasira ya mkulima wa mwaka 1939 ilistahili shujaa wa kubuni, na John Ford alimpatia mmoja mwaka uliofuata katika The Grapes of Wrath, akiigizwa na huyo huyo Henry Fonda. Mhusika Tom Joad ameua mtu, amekimbia sheria, na hakuna maiti halisi aliyehitaji kufichwa ili apendwe.

Haina maana kwamba kila kosa la kihistoria ni dhuluma. Kwa miaka mingi iliaminika kwamba Billy the Kid alitumia mkono wa kushoto, na mwaka 1958 Arthur Penn alitengeneza filamu yenye jina linaloutaja mkono huo, Paul Newman akiwa mhusika mkuu. Imani hiyo ilitokana na picha moja ya zamani ya bati, ambayo kwa desturi ya teknolojia ya wakati huo ilitoka ikiwa imegeuzwa kama kwenye kioo. Kosa hilo halimdhulumu mtu. Vivyo hivyo rangi ya farasi, umri wa mpenzi au umbo la kofia. Kipimo si wingi wa makosa bali ni nani anayelipa gharama yake.

Kwa kipimo hicho, filamu ya Walter Hill ya mwaka 1980, The Long Riders, ambayo kwa mavazi, lafudhi na muziki ni ya makini kuliko ile ya King, haisalimiki. Hill aliwatumia ndugu wa kweli kuigiza ndugu wa kihistoria, na uamuzi huo unaipa filamu joto la kifamilia lisilopatikana kwingineko. Mwanzoni mwa filamu, katika uvamizi wa benki, keshia anauawa. Anayefyatua risasi ni Ed Miller, na Jesse, kwa hasira, anamfukuza kutoka kwenye genge. Kifo cha keshia kinadumu kwa sekunde chache. Kufukuzwa kwa Miller kunapewa uzito wa hukumu. Hadhira inafundishwa kwamba majambazi wana heshima yao, na kwamba kuua keshia ni kuivunja heshima hiyo. Mauaji ya Gallatin, ambayo wanahistoria wengi wanamnasibisha nayo Jesse mwenyewe, yamepata njia mpya ya kusahaulika. Baadaye, katika tukio la Northfield, picha inapunguzwa mwendo, sauti inavutwa, na kila risasi inayoingia katika mwili wa jambazi inaonekana ikiingia. Ni ufundi wa hali ya juu. Lakini muda wa skrini ni aina ya thamani, na Hill ameugawa kama mirathi: maumivu yote yamerithiwa na upande mmoja.

Si kwamba sinema haina uwezo wa kugawa vinginevyo. Sam Peckinpah, mtu asiyesifika kwa upole, alionyesha mwaka 1973 katika Pat Garrett and Billy the Kid kwamba uwezo huo upo. Billy anatoroka jela ya Lincoln, kama alivyotoroka kweli tarehe 28 Aprili 1881 baada ya kuwaua walinzi James Bell na Robert Olinger. Olinger wa filamu ni mnyanyasaji, na kifo chake kinaridhisha. Bell, kinyume chake, ni mtu wa kawaida aliyekuwa akicheza karata na mfungwa wake. Anageuka akiamini kwamba Billy hatampiga mgongoni, na anapigwa mgongoni. Filamu haimtetei Billy hapo wala haimhukumu. Inamwacha mtazamaji na mtu aliyekufa kwa kumwamini mwenzake. Katika sehemu nyingine, sherifu mzee Baker, mhusika wa pembeni kabisa, anapigwa risasi na kwenda kukaa kando ya mto afe, mkewe akimtazama. Tukio hilo halizidi dakika chache. Wengi walioiona filamu hii wamesahau nusu ya mapambano yake lakini hawajamsahau Baker. Hoja kwamba kumpa sura anayeuawa kunapunguza mwendo wa filamu ya vituko imejibiwa hapo.

Mwaka 1957 Nicholas Ray alitengeneza filamu nyingine iliyobeba katika jina lake dai la kuwa kisa cha kweli cha Jesse James. Baadhi ya picha zake, likiwamo lile tukio la farasi kuruka kutoka kwenye genge la mto, zilichukuliwa kutoka filamu ya King ya 1939. Kisa cha kweli kilijengwa kwa vipande vya kisa cha uongo, na hakuna aliyeona haja ya kuomba radhi. Farasi hao wenyewe wana habari yao. Katika utengenezaji wa filamu ya 1939 farasi mmoja alikufa kwa kutupwa kutoka kwenye genge hilo, na ghadhabu ya umma ikachangia kuanzishwa, mwaka 1940, kwa usimamizi wa chama cha kuwalinda wanyama katika sinema za Hollywood. Farasi wa Missouri akapata mtetezi. Hatua hiyo ilikuwa ya haki, na hakuna sababu ya kuidhihaki. Ila inaonyesha kwamba watengenezaji wa sinema walikuwa na uwezo wa kutambua deni pale mdai alipopata watu wa kumsemea.

Filamu ya Andrew Dominik ya mwaka 2007, The Assassination of Jesse James by the Coward Robert Ford, iliyotokana na riwaya ya Ron Hansen ya mwaka 1983, ndiyo iliyokaribia zaidi kulikabili swali la makala haya, japo kwa njia ya pembeni. Inaanza mwaka 1881, genge likiwa limekwisha kusambaratika. Jesse wa Brad Pitt ni mgonjwa wa shaka. Anawapiga wasio na hatia, anacheka pasipo kuchekesha na kuwaua marafiki. Robert Ford, kijana aliyelelewa kwa vitabu vya kumsifu Jesse, anampiga risasi ya kichwani tarehe 3 Aprili 1882 akiwa ameipa nyumba kisogo ili airekebishe picha ukutani. Kisha Ford na ndugu yake wanalirudia tendo hilo jukwaani mbele ya hadhira inayolipa kiingilio, jambo ambalo walilifanya kweli. Hapo Dominik anaigeuza kamera iwatazame watazamaji. Ford anagundua kwamba watu hawakutaka jambazi aondolewe. Walitaka kisa chake kiendelee, na yeye amekikatiza. Neno woga katika jina la filamu linathibitika kuwa hukumu ya ngano, si ya mwelekezi. Hata hivyo, lazima isemwe kwamba filamu hii inayoichambua ngano kwa uchungu kiasi hicho inabaki ndani ya nyumba ya ngano. Anayepewa sura safari hii ni muuaji wa muuaji. Sheets na Rafferty wanaendelea kungoja nje.

Huenda ikadaiwa kwamba wafu hawadhuriki, na kwamba kwa hiyo deni kwao ni tamathali tu ya usemi. Dai hili lina nguvu kuliko linavyoonekana. Mtu aliyekufa mwaka 1869 haoni aibu wala hahisi njaa. Lakini wanaolitoa dai hilo ni nadra kulishikilia hadi mwisho. Iwapo wafu hawana haki yoyote, basi Jesse naye hana haki ya kusafishwa jina, na juhudi zote za kumwonyesha kuwa mtu aliyeonewa zinakosa msingi. Mwanawe, Jesse James Mdogo, alimwigiza babake katika filamu ya mwaka 1921. Bila shaka aliamini kwamba marehemu ana heshima ya kulindwa na waliobaki. Kinachobishaniwa, kwa hakika, si kama wafu wanadai, bali ni madai ya wafu gani yanayosikilizwa. Jambazi aliacha jina linalouzika. Keshia aliacha jina la kawaida.

Keshia aliyekuwa kazini tarehe 7 Septemba 1876 katika benki ya Northfield, jimboni Minnesota, alikuwa Joseph Lee Heywood, mwenye umri wa miaka 39. Alikuwa amepigana upande wa Muungano katika vita, na alikuwa mtunza hazina wa chuo cha Carleton kilichomo mjini humo. Wavamizi walimwekea kisu shingoni wakimtaka afungue sefu. Alijibu kwamba haiwezi kufunguliwa kwa kuwa ina kufuli ya saa. Wanahistoria wanasimulia kwamba mlango wa sefu hiyo ulikuwa umeshindikwa tu bila ya kufungwa, na hakuna jambazi aliyefikiri kuuvuta. Genge liliondoka na dola 26 na senti kadhaa, na mmoja wao, akitoka, akampiga Heywood risasi ya kichwa. Aliacha mjane na binti mdogo. Kila Septemba mji wa Northfield hufanya sherehe ya kukumbuka siku ile, na jina la sherehe hiyo ni siku za kushindwa kwa Jesse James. Hata pale alipouawa Heywood, ni jina la mshindwa linaloandikwa kwenye mabango.

Nje, barabarani, alikuwapo mtu mwingine, Nicholas Gustafson, mhamiaji kutoka Sweden. Majambazi walikuwa wakipita juu ya farasi wakiamrisha watu waingie ndani. Gustafson hakuingia, na inaelezwa kwamba hakuifahamu lugha aliyoamrishwa nayo. Alipigwa risasi ya kichwa, akafariki siku nne baadaye. Mhusika wa namna hii hahitaji mwandishi wa mswada amtungie hata neno moja. Anahitaji kusimama barabarani, asikie ukelele asiouelewa, na ageuze uso kuielekea sauti hiyo, kamera ikiwa upande wake.